Keki ya limau ninayooka na watoto inabonyea katikati kila mara: kosa liko wapi?

MamaWawili aliuliza:

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mama wa watoto wawili, binti wa miaka 8 na mdogo wake wa kiume wa miaka 5, na mwaka jana tulihamia Mbeya tukitokea Tanga. Tumejiwekea desturi ya kuoka keki moja ya limau kila Jumamosi mchana, ile isiyo na mbwembwe, inayookwa katika bati la mkate wa boflo na kukatwa vipande vya kunywea chai. Nilipokuwa Tanga niliipika peke yangu, tena kwa kukisia, na haikuwahi kunitia aibu mbele ya wageni. Tangu tufike huku, na tangu nianze kuwashirikisha watoto, keki inaumuka kwa fujo, inapanda mpaka juu ya ukingo wa bati, halafu inabonyea katikati kuanzia mwanzo hadi mwisho wake. Kingo zinabaki zimesimama pande zote mbili, na ndani kunakuwa na utepe wa unga uliokazana kama ugali uliolala. Watoto wameshaipa jina, wanaiita mtumbwi.

Vipimo vyangu ni hivi: vikombe 2 vya unga wa ngano, vijiko 3 vya chai vya beking pauda vilivyojaa, kikombe 1 na nusu cha sukari, robo kilo ya siagi, mayai 4, pamoja na maganda na maji ya malimau 2. Naoka katika oveni ya umeme kwa nyuzi 180, kwa dakika 50.

Naeleza pia jinsi tunavyofanya kazi, kwa sababu nahisi kosa huenda liko humo. Binti huanza na siagi na sukari, na mdogo wake hupasua mayai. Unga ukishaingia, kila mmoja hudai zamu yake ya kuchapa, nami huwahesabia mapigo 20 kwa 20 ili pasiwe na ugomvi, na mara nyingi zamu hurudi mara nne au tano kabla hawajaridhika. Mwisho tunamimina maji ya limau, rojo inatoa mapovu na mlio mdogo, na hapo mdogo hushangilia kuliko wakati mwingine wowote. Baada ya hapo ndipo ninapowasha oveni, tunapaka bati mafuta huku tukisubiri ipate moto, kisha tunaingiza keki. Siwezi kuficha kwamba mlango wa oveni hufunguliwa mara moja au mbili, kwa kuwa hakuna mtoto wa miaka 5 anayeweza kusubiri dakika 50 bila kuona kinachoendelea.

Baba yao anasema keki inataka mkono mmoja, na kwamba niwaache watoto wakue kwanza. Sipendi kukubaliana naye, lakini mitumbwi imefika sita sasa. Naomba mwenye ujuzi anieleze: je, kosa ni la vipimo, ni la oveni, au kweli ni la mikono mingi?

FundiKekiUyole alijibu:

Dada, karibu Mbeya, na pole kwa mitumbwi sita. Nimeoka keki za kuuza hapa Uyole kwa miaka kadhaa, na swali lako nimelisikia kwa karibu kila mtu aliyehamia huku akitokea pwani. Watoto wako hawana hatia, isipokuwa kwa ule mlango.

Jambo la kwanza ni mahali. Tanga ni usawa wa bahari, na Mbeya iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa unapungua, na hewa inayozalishwa na beking pauda ndani ya rojo inatanuka zaidi kuliko ingetanuka Tanga kwa kiasi kilekile cha kijiko. Viputo vinakua haraka, vinaungana, vinapasuka kabla mayai na unga havijakaza vya kutosha kuvibeba, na paa la keki linashuka. Maji nayo yanachemka hapa kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo unyevu unakimbia mapema na sukari inabaki nyingi kuliko inavyotakiwa, na sukari nyingi inachelewesha keki kukaza. Sasa wewe, juu ya hayo yote, umeweka vijiko vitatu vilivyojaa katika vikombe viwili vya unga. Hata Tanga kiasi hicho kilikuwa kikubwa. Nadhani kilichokusaidia huko ni kwamba ulikuwa ukifanya kazi haraka na peke yako.

Jambo la pili ni yale maji ya limau, na hapa naomba radhi kwa kijana wako, maana nakwenda kumwondolea burudani. Yale mapovu anayoyashangilia ndiyo nguvu ya keki inayotoroka. Beking pauda ni mchanganyiko wa magadi soda na tindikali iliyo kavu, pamoja na wanga wa kuviweka vikavu ndani ya kopo. Ikilowa inaanza kutoa hewa, na nyingi za siku hizi hubakiza sehemu kubwa ya nguvu yake mpaka ikutane na moto. Ukimimina maji ya limau ambayo yenyewe ni tindikali kali, unailazimisha itumie nguvu yake kwenye bakuli, wakati oveni haijawashwa na bati halijapakwa mafuta. Kinachofika motoni ni mabaki yasiyo na mpangilio. Tena, maji ya limau yanachangia ladha ndogo sana ndani ya keki iliyookwa. Harufu yote tunayoiita harufu ya limau imo kwenye mafuta ya ganda. Weka ganda ndani ya rojo, na maji yake yahifadhi ya kumwagia keki ikishaiva.

Kwa hapa Mbeya mimi natumia vikombe 2 vya unga, kikombe kimoja kikiwa na gramu 130 hivi, yaani unga uliojazwa kwa kijiko na kufutwa kwa kisu, si ule uliochotwa kwa kuuzamisha kikombe kwenye mfuko, kwani kikombe kilichoshindiliwa kinaweza kubeba gramu 20 au 30 za ziada bila wewe kujua. Beking pauda iwe kijiko 1 na nusu cha chai, cha kufuta. Sukari kikombe 1 ukipunguza kijiko kimoja cha mezani, siagi gramu 200, mayai 4, maziwa vijiko 3 vya mezani, chumvi kidogo, na maganda ya malimau 2. Oveni iwe nyuzi 190, na uiwashe kabla hujagusa hata yai moja. Chungulia kuanzia dakika ya 45 kwa kijiti; kikitoka kikavu katikati, basi. Soma pia maandishi ya pakiti ya unga wako. Zipo pakiti za unga ambao tayari umechanganywa na beking pauda, na nimemwona mteja aliyeongeza yake juu ya hiyo akaja kulia kwangu.

Usiogope ukiona keki imepasuka juu kwa urefu. Keki ya bati refu hupasuka kwa sababu ngozi ya juu hukauka mapema huku katikati bado kunapanda, na watu wengi, mimi nikiwemo, wanauona ule ufa kuwa ndio uzuri wake.

MwalimuWaAwali alijibu:

Nimefundisha watoto wa umri wa kijana wako kwa muda mrefu, na tumeoka nao shuleni mara nyingi, watoto 6 kwa bakuli moja. Naunga mkono maelezo ya fundi, ila nataka kuongeza kwamba baba yao ameona tatizo la kweli akalitafsiri vibaya. Mikono mingi haiharibu keki. Kinachoiharibu ni muda ambao mikono mingi inautumia, na muda huo unaweza kuuhamisha.

Tazama utaratibu wenu. Siagi na sukari, ambavyo ndivyo vinavyohitaji kuchapwa kwa muda mrefu, anapewa binti peke yake, na bila shaka anachoka mapema. Unga ukishaingia, wakati ambapo mchanganyiko unatakiwa kuguswa kidogo iwezekanavyo, ndipo zamu zinaanza, na kwa hesabu yako mwenyewe unga unachapwa mara 160 hadi 200. Unga wa ngano ukilowa na kuchapwa unajenga nyuzi za kuvutana. Nyuzi hizo tunazitaka kwenye chapati na maandazi, lakini kwenye keki zinaleta ule ukakamavu unaousema. Geuza mambo. Zamu zote, mapigo 20 kwa 20, ziwe kwenye siagi na sukari. Hapo watoto wanaweza kuchapa mpaka wachoke, na kila zamu inaisaidia keki, kwa sababu chembe za sukari zinachimba vishimo vidogo vya hewa ndani ya siagi, na vishimo hivyo ndivyo beking pauda itakavyovijaza baadaye. Waambie watazame rangi: inaanza njano kama siagi yenyewe, na zamu haziishi mpaka iwe karibu na weupe wa maziwa ya unga. Siagi iwe laini kiasi kwamba kidole kinazama bila kusukuma, lakini isiwe imeyeyuka. Mbeya mwezi wa Julai itabidi muikate vipande na kuiacha karibu na jiko.

Unga ukiingia, mtu mmoja tu ashike mwiko, na awe wewe, au binti huku mkono wako ukiwa juu ya mkono wake. Kunja kutoka chini kuja juu, na uache mara tu usipoona tena unga mweupe.

Kabla ya hayo yote, pimeni kila kitu na mkipange mezani katika vikombe, kama wauzaji wa viungo sokoni. Bati lipakwe mafuta na kutandikwa karatasi mapema, kazi ambayo mtoto wa miaka 5 anaiweza vizuri kuliko sisi, kwa kuwa vidole vyake vinafika kwenye pembe. Yai moja moja lipasuliwe katika kikombe cha pembeni ili ganda likidondoka lionekane, kisha limiminwe kwenye bakuli na kuchapwa kabla ya kuongeza lingine. Mkimimina mayai yote kwa pamoja, au yakiwa yametoka kwenye friji, mchanganyiko utakatika na kuonekana kama maziwa yaliyoganda vibaya. Kijiko kimoja cha unga kinaurudisha.

Kazi ambayo wanafunzi wangu waliipenda kuliko zote ni ya kufikicha ganda la limau ndani ya sukari kwa ncha za vidole. Unakwangua lile ganda la njano tu, kwa upande wenye matundu madogo wa kikwangulio cha karoti, ukiacha nyama nyeupe iliyo chini yake kwa sababu ni chungu, na kazi hiyo ya kukwangua uifanye wewe, maana kikwangulio hakichagui kati ya limau na ngozi ya mtoto. Halafu sukari na ganda unawakabidhi. Baada ya dakika mbili sukari inalowa, inashikana kama mchanga wa ufukweni maji yakitoka, inageuka rangi, na chumba kizima kinanukia. Hapo kijana wako atakuwa amelipwa yale mapovu aliyonyang'anywa.

Kuhusu mlango wa oveni, kama una kioo, mpe tochi. Nasema kweli. Mtoto mwenye tochi na kigoda, aliyewekwa hatua mbili kutoka kwenye oveni, anaweza kulinda keki kwa nusu saa. Onyesha kwenye saa ya ukutani mahali ambapo mshale mrefu lazima ufike kabla ya mlango kufunguliwa.

Nina maonyo mawili, na la kwanza najua litapingwa. Msiwaruhusu kulamba mwiko wenye rojo mbichi. Mayai mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya salmonela, na hata unga mbichi si salama, kwa kuwa haujapitia moto wowote tangu shambani. La pili halijulikani sana: maji ya limau au ndimu yakibaki kwenye ngozi na mtoto akatoka juani, yanaweza kuunguza ngozi hiyo na kuacha mabaka meusi yanayokaa wiki kadhaa. Waoshe mikono, na midomo, kwa sabuni kabla hawajakimbilia nje.

MpishiWaKisauni aliuliza:

Samahani kwa kuingilia. Huku kwetu Mombasa neno ndimu tunalitumia kwa karibu kila kitu kichachu, na sokoni wakati mwingine hupati limau kubwa ila zile ndogo za kijani. Je, mtu anaweza kutumia hizo? Na je, limau ambalo ngozi yake bado ni ya kijani halijaiva?

FundiKekiUyole alijibu:

Ndimu ndogo inafaa, ila ganda lake ni jembamba na lina harufu yake tofauti, kali zaidi. Kwa malimau 2 weka ndimu 4, na ukwangue kwa mkono mwepesi. Kuhusu rangi, usidanganyike. Machungwa na malimau yanahitaji usiku wa baridi ili yapoteze ukijani, kwa hiyo ya pwani yanaweza kuiva kabisa yakiwa bado ya kijani. Pima kwa uzito mkononi: tunda zito kuliko linavyoonekana lina maji. Na yale malimau yetu yenye ngozi nene ya vinundu, ambayo watu huyadharau, maganda yake yananukia sana. Yaosheni tu kwa brashi.

BibiWaChumbageni alijibu:

Mwanangu MamaWawili, nimefurahi kusikia kuna watoto wa Tanga wanaookea Mbeya. Mimi nimewaokea wanangu, na sasa wajukuu, na kwa miaka mingi sikuwa na oveni. Nasema hili kwa ajili ya wasomaji wengine ambao wataona nyuzi 180 na nyuzi 190 wakadhani mambo haya si yao.

Keki hii inaokeka kwa makaa kama tunavyooka mkate wa kumimina. Unachukua sufuria kubwa nzito, unatandika mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa vidole viwili, unaifunika na kuipasha kwa dakika kumi na tano. Bati la keki unaliweka juu ya mchanga, lisiguse ubavu wa sufuria, unafunika kwa kifuniko bapa cha bati na kupalia makaa juu yake. Siri ni kwamba moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Anayeacha moto mwingi chini anapata keki nyeusi kitako na mbichi kichwani. Ukiusogeza mkono karibu na kifuniko, usiweze kuhesabu zaidi ya tano. Kazi ya makaa si ya mtoto hata kidogo, na jiko liwe uani au barazani, kamwe lisiwe chumbani mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu hewa ya makaa inaua kimya kimya.

La vipimo, mimi sikuwahi kutumia kikombe kwa keki. Marehemu mume wangu alikuwa na duka, na alipolifunga alinirithisha mizani ya sahani mbili. Upande mmoja mjukuu anaweka mayai yakiwa na maganda yake. Upande wa pili mwenzake anamimina sukari polepole mpaka sahani zilingane, na hapo wote wanashika pumzi, maana chembe chache zinatosha kuinamisha mizani. Kisha siagi kwa uzito uleule, kisha unga. Nayapenda mayai ya kienyeji, lakini ni madogo, na mtu anayeandikiwa mayai 4 akaweka manne ya kienyeji anapata keki kavu bila kujua kwa nini. Mizani haijali yai ni la kuku gani. Beking pauda ndiyo tunayoipima kwa kijiko, kijiko kimoja cha chai cha kufuta kwa kila kikombe cha unga hapa kwetu pwani. Huko kwenu mfuate fundi.

Ikiwa beking pauda imekaa kwenye kopo lililofunguliwa tangu Idi iliyopita, tia kijiko kimoja kwenye maji ya moto. Isipofoka, itupe. Na hapo, mwalimu, kijana atapata mapovu yake bila kuiua keki.

Lakini kuhusu kulamba mwiko, mwalimu, mimi nimelamba, wanangu wamelamba, na tuko hai. Siwezi kusema zaidi ya hapo.

MwalimuWaAwali alijibu:

Shikamoo bibi. Sikubishii kwamba mko hai, na namshukuru Mungu kwa hilo. Nilikuwa na watoto wa watu 30 mikononi mwangu, na mmoja tu akiumwa tumbo ningeelezea nini kwa mama yake? Njia niliyoitumia ni hii: tulitengeneza rojo nyingine ya kulamba. Sukari laini ya unga gramu 100 na vijiko viwili vya mezani vya maji ya limau, vikorogwe mpaka viwe kama uji. Hiyo ndiyo inayomiminwa juu ya keki iliyopoa, na bakuli lake walambe mpaka ling'ae. Hakuna yai wala unga humo.

BibiWaChumbageni alijibu:

Marahaba mwalimu. Hilo nimelikubali. Ila mimi huimwagia keki ikiwa bado ya moto, na situmii sukari laini. Nachoma keki kwa kijiti, matundu ishirini au thelathini, kazi ya wajukuu, kisha nakoroga maji ya malimau mawili na vijiko vinne vya sukari ya kawaida bila kuiyeyusha yote na kumwaga kijiko kwa kijiko. Maji yanazama, sukari inabaki juu na kuwa gamba linalovunjika chini ya jino.

MamaWawili alijibu:

Nawashukuru nyote, na nirudishe majibu kama ilivyo desturi. Zimepita Jumamosi mbili.

Ya kwanza tulifuata vipimo vya fundi na utaratibu wa mwalimu. Tulipanga vikombe mezani, oveni ikawashwa kwanza, na zamu zote zikaishia kwenye siagi. Binti alihesabu mapigo 180 kabla rangi haijawa alivyotaka, na nilipowaambia kwamba unga nitaukunja mimi peke yangu hakuna aliyelalamika, kwa sababu walikuwa hoi. Sukari yenye ganda la limau ilibidi niifiche, kwani mkono wa mdogo ulikuwa umeshaizoea njia. Nilikosea jambo moja tu: nilisahau karatasi kwenye bati, na keki ilipotoka ilikatika kitako. Hata hivyo ilikuwa imesimama, ina ufa mrefu juu, na ndani ilikuwa na matundu madogo yanayolingana toka ukingo hadi ukingo. Baba yao alikula vipande vitatu bila kutoa maoni, nami nimeyahesabu kuwa ni maoni.

Jumamosi hii tumeongeza sukari ya bibi. Tochi imefanya kazi kuliko nilivyotarajia. Mdogo alikaa kwenye kigoda dakika 40 akitutangazia hali ya keki kama mtangazaji wa mpira, na alipoona ufa unafunguka alipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Tulichoma matundu, tukamwaga maji ya limau, gamba likatokea.

Lipo tatizo moja limebaki, na sijui nani kati yenu atalitatua. Mdogo amekula kipande chake, akageuza kingine, akakitazama juu na chini, kisha akauliza ni lini tutapika tena mtumbwi, kwa sababu kwenye mtumbwi maji ya limau yangejaa katikati na yeye angekaa upande ule.